Sauti Nyembamba ya Kufika Kalemie

Jumatatu, 7 Julai

Nimeizima seva na kuiwasha tena mara mbili kabla ya chai. Kama kila Jumatatu. Jumapili watu wanajazana kusikiliza salamu, Jumatatu mashine iko hoi na mimi ndiye wa kulaumiwa. Tovuti ya redio yetu inafunguka polepole hadi mtu anasahau alichokuja kutafuta. Sisi wa hapa Tabora tuna redio mezani, tunavumilia. Mtu wa mbali ana simu tu. Hasubiri.

Mhasibu mpya ameripoti leo. Nikamtajia jina langu. Akacheka, akauliza, "Kulwa? Na Doto yuko wapi?" Wote huuliza hivyo. Huku kwetu ukiitwa Kulwa lazima pawe na Doto, pacha haji peke yake. Nimejibu ninavyojibu siku zote: yuko safarini. Sikudanganya. Mwaka wa tisa huu yuko safarini.

Kichwa kinauma. Vumbi la Julai.

Jumatano, 9 Julai

Mama amekuja kutoka kijijini Ntalikwa bila kunijulisha. Kapanda bodaboda, mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mapajani. Nikajua kuna jambo. Mama hapandi bodaboda kwa ajili ya michembe.

Kuna mama mmoja wa Urambo anayeleta dagaa kutoka ziwani. Walikutana Jumapili baada ya misa. Anasema amemwona Doto. Ng'ambo ya ziwa, Kalemie, Kongo, karibu na bandari, anachomelea vyuma. Alimwita kwa jina. Doto akageuka, akamtazama, kisha akaingia ndani ya kibanda na hakutoka tena.

Mama alinisimulia haya akiwa amesimama. Nikamwambia aketi. Hakuketi.

Huyo mama wa dagaa kasema pia kwamba Wanyamwezi wa Kalemie ni wengi, na kila Jumapili wanakusanyika kwenye simu ya mmoja wao kusikiliza salamu za redio yetu. Mama anataka kusema kwenye kipindi. Ameshaamua. Amekuja kunipa taarifa tu.

Naogopa. Sijui naogopa nini hasa. Kwamba hatasikia, au kwamba atasikia na kunyamaza.

Alhamisi, 10 Julai

Nimezungumza na Anastazia, mtangazaji wa salamu. Mama amepangiwa Jumapili hii. Anastazia alinikumbatia hapohapo korido. Sikupenda. Karibu nilie mbele ya mhasibu.

Nilikuwa naandika hapa kuhusu Doto nikafuta. Naanza upya, wazi.

Baba alitaka Doto abaki shambani, kwenye tumbaku. Doto hakutaka. Walivutana misimu miwili. Siku moja, mbele ya majirani waliokuja kufunga tumbaku, Baba akasema: "Mimi nina mtoto mmoja tu. Kulwa." Doto alikuwa amebeba maji. Akayatua taratibu, hata tone halikumwagika. Kesho yake akapanda treni ya Kigoma. Hakupiga simu, hakuandika. Laini yake ikafa. Baba naye akafa baadaye, na hatukuwa na pa kumpelekea habari.

Doto hajui kama Baba hayupo. Hili ndilo linalomnyima Mama usingizi.

Sasa kazi. Seva yetu ni mashine ndogo ya kukodi, iko Dar. Kila mgeni anayefungua tovuti hupewa mhudumu ndani ya mashine amshughulikie. Wahudumu wakiisha, wageni wanapanga foleni. Leo nimeongeza wahudumu, nimewazidisha mara nne. Nimeona ndiyo njia. Wageni wengi, wahudumu wengi. Bosi Nassor amefurahi, kaniongezea jambo lake: video kubwa ya machweo ya mji juu kabisa ya ukurasa wa mbele. Nikaiweka. Nilikuwa na haraka.

Jumapili, 13 Julai

Nimeshindwa.

Asubuhi kulikuja tangazo la msiba. Mwalimu mstaafu wa kwaya, mzee aliyefundisha nusu ya mji huu kuimba. Watu wote waliowahi kupita mikononi mwake, popote walipo, wakafungua tovuti yetu kwa pamoja. Nikaona namba zinapanda. Nikajipa moyo, wahudumu wapo.

Mama aliingia studio amevaa kitenge kipya na kilemba cha Pasaka. Anastazia akamvalisha vipokea sauti. Mama akaanza kwa salamu ya Kinyamwezi, "Mwangaluka." Na seva ikafa. Haikupungua kasi, ilikufa. Niliita, haikujibu. Nikajaribu kuingia kwa mlango wa nyuma, haikunijua hata mimi. Mama anaongea nyuma ya kioo, mikono inacheza, na mimi nje napiga vitufe kama mtu anayegonga nyumba iliyohamwa.

Mjini alisikika vizuri sana. Walimsikia watu wa sokoni, wanaojua habari zetu zote. Ng'ambo ya ziwa halikufika hata neno moja.

Alitoka anatabasamu. Akaniuliza, "Amesikia?"

Nikasema, "Labda."

Nimejichukia siku nzima.

Jumatatu, 14 Julai

Nimelipata kosa. Ni langu.

Kila mhudumu anakula kumbukumbu ya mashine. Nimewaita wengi kuliko chakula kilichopo. Kumbukumbu ilipojaa, mashine ikaanza kuegesha mambo yake kwenye diski, na diski ni nzito. Kila mmoja akawa anamsubiri mwenzake. Ni kama mamantilie mwenye jiko moja aliyeajiri wapakuzi hamsini. Wanasukumana tu, na wali hauivi.

Kuongeza ndiko kulikoiua. Ilitakiwa kupunguza. Jambo dogo hivi.

Jioni nimekwenda Ntalikwa kumwambia Mama ukweli. Alikuwa akianika michembe juu ya jiwe. Nikasema sauti yake haikuvuka. Nikasema kwa nini. Aliendelea kupanga vipande mpaka mstari ukaisha, kisha akapangusa mikono.

"Basi nitasema tena. Maneno hayajaisha."

Afadhali angenifokea.

Jumatano, 16 Julai

Siku mbili za kazi ya kweli. Naandika ili nisisahau.

Wahudumu nimewapunguza. Nimepima mmoja anakula kiasi gani, nikagawa kumbukumbu iliyopo, nikaacha na akiba. Wachache, lakini wanapumua.

Ukurasa wa mbele ulikuwa unapikwa upya kwa kila anayeufungua. Kila mtu mmoja, hodi moja kwenye hifadhidata. Sasa unapikwa mara moja kila baada ya dakika chache, unawekwa tayari, kila ajaye anapewa uleule. Hakuna anayeona tofauti. Mashine inaona.

Mgeni akishahudumiwa, tulikuwa tunamwachia mlango wazi muda mrefu, tukidhani atarudi. Sasa sekunde chache tu, kisha unafungwa, apite mwingine. Hili nimelifanya kwa uchungu wa kijinga. Nimekaa nikiangalia ile namba kabla ya kuibadilisha.

Picha zote nimezipunguza uzito. Maandishi yanabanwa kabla ya kusafiri.

Halafu Bosi Nassor. Nimemwambia video ya machweo iondoke. Akakunja uso. Familia yake imeuza vitu mji huu tangu enzi za misafara, anaamini duka bila kioo kizuri si duka. Nikamweleza kwamba mtu wa Kalemie mwenye simu ya zamani atamaliza bando lake kwenye machweo kabla hajasikia hata salamu moja. Tena nikaongeza la pili: sauti. Tunarusha sauti nene, nzuri ya muziki, mtandao dhaifu hauwezi kuibeba. Nataka tuongeze ya pili, nyembamba, ya maneno tu.

"Itasikika kama simu ya zamani," akasema.

"Ndiyo. Lakini itasikika."

Akaniuliza kama ni kwa ajili ya ndugu yangu. Nikasema ndiyo. Sikuona sababu ya kuzunguka. Akavua miwani, akaifuta na kanzu. "Toa video, Kulwa. Shangazi yangu yuko Oman, naye analalamika kila wiki."

Kumbe.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeijaribu seva kwa kuipelekea wageni wa uongo. Wengi kuliko wa Jumapili iliyopita. Haikutetereka. Kumbukumbu ilipanda, ikasimama palepale nilipotaka isimame. Ni siku nyingi sijaona kitu kikinitii hivi.

Lakini wageni wa uongo hawana simu mbovu. Mchana nikaenda Ntalikwa, nikachukua simu ya Mama yenye kioo kilichopasuka, nikatembea nyuma ya mashamba hadi kwenye bonde ambako mtandao unakuja na kuondoka. Wanakijiji walioniona wakanisalimu kwa mashaka. Nikafungua tovuti. Ikafunguka. Nikabonyeza sauti nyembamba. Kimya kidogo, kisha Anastazia huyo, akisoma bei za asali ya Ipole, sauti kama inatoka ndani ya mtungi. Kila neno linasikika.

Nilikaa chini kwenye majani makavu. Tulikuwa tunachunga mbuzi bonde hili, mimi na Doto. Akikaa upande ule, mimi upande huu, tunaitana kwa miluzi. Yeye alijua kupiga mluzi, mimi nilikuwa napuliza hewa tu. Hata hivyo alinisikia.

Nina hamu na ndugu yangu. Nimeandika. Nina hamu naye kama mtu anavyotamani maji, si kwa mawazo, kwa koo.

Jumapili, 20 Julai

Imesimama.

Watu walikuja wengi kupita wiki iliyopita, maana habari za mama aliyekatika mtandaoni zilikuwa zimezunguka mjini. Nilikaa na kompyuta mlangoni mwa studio. Namba zikapanda. Wahudumu walewale wachache wakachapa kazi. Wengi wa wasikilizaji walichagua sauti nyembamba. Hilo sikulitegemea. Nilidhani nawatengenezea wachache.

Mama alisema kwanza kwa Kinyamwezi, kisha kwa Kiswahili, ili hata asiyejua kikwetu aweze kumfikishia. Nimeyashika maneno:

"Doto. Ni mimi mama yako, Ntalikwa. Mwangaluka. Sikuiti urudi. Sikuulizi ulikuwa wapi. Nataka kusikia unakohoa tu, nijue ni wewe. Nyumba ni ileile. Mlango ulibadilishwa, mchwa waliula, lakini uko palepale. Kulwa yupo. Namba ya redio iko kwenye ukurasa. Aliye karibu naye amwambie."

Hakumtaja Baba. Tulikubaliana. Alisema mtoto hapokei msiba kupitia redio kama mtu baki.

Anastazia aliweka wimbo haraka. Mimi niliendelea kuangalia namba. Niliogopa kuangalia kingine.

Jumanne, 22 Julai

Jana kimya. Leo simu ya redio imelia tangu asubuhi, na kila ikilia naikimbilia.

Mtu wa Mpulungu, anasalimia. Bibi wa Kigoma anamwombea Mama. Kijana wa Kalemie kabisa, anasema anawajua Madoto wawili, mmoja mfupi, mmoja mlevi. Wetu si mfupi. Nitalala na huyo mlevi kichwani.

Nawapokea vizuri wote. Nawachukia kidogo wote, kwa kuwa si yeye.

Alhamisi, 24 Julai

Amepiga.

Saa nne asubuhi. Mhasibu alipokea, akanipa simu, uso umebadilika. Namba ya Kongo. Nikasema haloo. Upande wa pili mtu akakohoa.

Akakohoa makusudi. Mara ya pili. Kisha akacheka, kicheko kikavunjika katikati.

Nilishika meza.

"Kulwa."

"Ndiyo."

"Sauti yako imekuwa nzito."

"Na yako."

Akaniambia Jumapili alikuwa kwa jirani. Hasikilizi salamu, hukaa mbali zinapoanza. Jirani ndiye aliyekuwa na simu, na simu yenyewe ni mbovu, siku nyingine inakwama. Safari hii haikukwama. Akasikia "mwangaluka", akadhani anaota. Akasikiliza hadi mwisho akiwa amesimama nje ya dirisha. Siku tatu akaikwepa simu. Ana mke. Ana watoto wawili. Mke ndiye aliyeandika namba.

Alikuwa akizungumza haraka, kama mtu anayevuka mto kabla maji hayajajaa. Kisha akapunguza. Nikajua linakuja.

"Mzee hajambo?"

Nimelifikiria swali hili miaka. Nilikuwa na majibu marefu. Yote yakaondoka.

"Doto, Baba hayupo. Alifariki. Mwaka wa tatu baada ya wewe kuondoka."

Nilidhani mtandao umekatika, nikaangalia simu. Bado iko hewani. Nyuma yake nikasikia chuma kinagongwa.

"Alikufa akiwa bado na lile neno lake?" akauliza.

"Hapana. Wiki ya mwisho alikuwa anauliza kila asubuhi. Anasema, 'Doto amefika?' Mama anamwambia yuko njiani. Alisema tumwekee maji ya kuoga."

Nikasikia anavuta pumzi kama mtu aliyebeba mzigo. Akachukua namba ya Mama, akasema atampigia kesho. Akakata.

Bosi Nassor alinifungia mlango wa ofisi yake, akaniachia chumba. Alikaa nje mwenyewe kwenye kiti cha mlinzi.

Ijumaa, 25 Julai

Nimeamkia Ntalikwa. Kapiga mchana. Mama alishika simu kwa mikono miwili. Kwanza akamsikiliza tu, kichwa kimeinama. Kisha wakaongea Kinyamwezi, muda mrefu, mambo ya kawaida: meno ya mtoto mdogo, samaki wa huko, kama mke wake anajua kupika ugali wa mtama. Mama alicheka. Alilia mara moja tu, alipomwambia jinsi tulivyomzika Baba na nani alichimba.

Hawezi kuja sasa. Karatasi zake za kuvukia zimekwisha muda, zinashughulikiwa. Labda baada ya mvua. Mama akasema sawa, sikukuita urudi.

Hakuomba kuongea nami. Walipomaliza, Mama akakata, akaenda jikoni.

Niliumia. Naandika kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Nimebadilisha seva nzima, nimegombana na bosi, nimetembea hadi bondeni na simu iliyopasuka, na ndugu yangu hakusema "nipe Kulwa". Nimeona wivu kwa mama yangu mzazi. Wivu wa mtoto. Nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumatatu, 28 Julai

Kazini. Seva haikuhitaji kuzimwa leo. Jumatatu ya kwanza. Nilikaa bila la kufanya hadi saa tatu.

Ujumbe wa sauti kutoka kwa Doto ulinikuta njiani kurudi nyumbani. Anasema Ijumaa hakuweza kuzungumza nami kwa sababu akinisikia mimi anajisikia yeye. Anasema hilo analiogopa. Nipe siku, anasema.

Nimeusikiliza kando ya barabara, punda wanapita na magunia ya mkaa. Nikausikiliza tena. Nikamjibu: chukua.

Jumapili, 3 Agosti

Jana usiku Doto aliniandikia. Ana neno kwa Baba. Je, naweza kumfikisha kaburini?

Leo baada ya misa tumekwenda makaburini, mimi na Mama. Upepo wa baridi. Mama alifagia majani kwa tawi, akang'oa magugu pembeni mwa saruji. Mtandao ulikuwa unasuasua, nikazima picha, nikaacha sauti peke yake. Nikampigia. Nikaweka sauti ya juu, nikailaza simu juu ya kaburi, upande wa kichwa.

"Uko naye," nikamwambia.

Mama akanishika mkono, tukaondoka tukasimama kwenye mihogo ya jirani. Kutoka pale hatukusikia maneno. Sauti tu, inapanda, inashuka. Aliongea sana. Mara moja ilikuwa kali, nikataka kurudi. Mama akasema, "Mwache, ni baba yake."

Kisha ikanyamaza. Tukasubiri. Hakukuwa na kitu zaidi ya upepo kwenye mihogo.

Tuliporudi, simu ilikuwa bado hewani. Kulisikika watoto kwa mbali, mtu akipita na baiskeli, na Doto akipumua. Mama akaketi chini kando ya simu, akanyoosha miguu, akapanga kitenge chake vizuri. Nami nikaketi upande wa pili.

Hakuna aliyekata.